Dalenda wa Benchi la Kati

Testour, 9 Oktoba 1978

Mwanangu Kamar,

Salamu nyingi zikufikie huko Tunis, wewe na kaka yangu Sadok na mama yako. Huku sote tunapumua. Makomamanga yameiva yote kwa pamoja kana kwamba yaliambiana. Mikono yangu ni myekundu hadi viwikoni, na nikienda dukani watu wananiuliza nimemchinja nani. Mume wangu Beshir hajambo, ila bado anatengeneza pampu za watu wote wa bonde hili kabla ya pampu yetu. Nimetuma kikapu kwa basi la Alhamisi. Mwambie baba yako asigawe yale makubwa kwa jirani ili ajionyeshe.

Sasa neno lenyewe, na libaki kwako. Huu ni mwaka wa tatu nimo katika klabu ya malufu, zile nyimbo za wazee wetu waliotoka Andalusia. Mbele wanakaa waimbaji wakubwa, wenye kofia nyekundu na pua juu. Nyuma wanakaa watoto wanaoanza. Katikati kuna benchi, na kwenye benchi hilo nipo mimi. Watoto wa nyuma wananipita kwenda mbele, na mimi nawasogezea miguu wapite. Jana Jumapili mwalimu wetu, Shehe Lamine, aliweka fidla yake chini akasema mbele ya wote, "Dalenda, sauti unayo, tena ya kutosha watu wawili. Lakini unaimba kama mtu anayemwita mbuzi aliye ng'ambo ya mto."

Wakacheka. Mimi nilicheka kuwashinda. Nilipofika nyumbani sikuweza kula.

Wewe ndiye mwimbaji msomi wa ukoo huu, na unafundisha wengine. Nifundishe na mimi, kwa barua. Simu ya posta siitaki, maana foleni nzima inasikiliza, na jirani yangu Habuba ndiye wa kwanza kwenye foleni. Na uniambie, wewe unaimba lini tena mbele ya watu? Nataka nije nikusikie.

Shangazi yako,
Dalenda


Tunis, 2 Novemba 1978

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Makomamanga yamefika salama, machache tu yamepasuka. Baba alimpelekea jirani yale makubwa kabla sijavua koti. Mama ana mafua na anasema ni kosa la treni. Anakusalimu sana.

Shangazi, kwa heshima zote, Shehe Lamine amesema kweli, ila hakukuambia sababu. Wewe ukitaka kupanda juu unaongeza nguvu, na nguvu hiyo unaitoa kooni. Koo halina nguvu ya kutoa. Basi simama mbele ya kioo uvute pumzi. Ukiona mabega yamepanda, umekosea. Pumzi ishuke chini, mbavu zifunguke pande zote, kiuno kijae hadi mkanda ukubane. Kisha itoe kwa "sss", polepole, kama tairi lenye tundu dogo. Tundu dogo, shangazi, lisiwe tairi lililopasuka.

Ukishaweza hilo, chukua glasi, tia maji hadi nusu, tia mrija, uimbe wimbo wako wote ndani ya mrija. Maneno hayatasikika, yatatoka mapovu tu. Mapovu yakiwa sawasawa, pumzi yako iko sawa. Yakikulowesha uso, ujue unapiga kelele.

Halafu kwa muda fulani uimbe kwa sauti ndogo tu, kana kwamba kuna mtoto amelala chumba cha pili. Najua hujawahi kufanya hivyo tangu uzaliwe. Jaribu.

La mwisho naliandika kwa woga: punguza harisa jioni. Pilipili hiyo inapanda kooni ukilala, na asubuhi sauti inaamka imechubuka. Nisamehe.

Mwanao,
Kamar


Testour, 24 Novemba 1978

Mwanangu Kamar,

Tumekula Idi kubwa vizuri, na nyama ya kichwa tulimpa mama mkwe wa Habuba ili anyamaze. Beshir ana kidole kimebanwa na koleo, lakini analia kama aliyekatwa mguu. Mpe pole mama yako kwa mafua, ingawa treni haina hatia, ni yeye hafungi kichwa akitoka bafuni.

Ule mrija umeleta makubwa. Siku ya kwanza niliimba ndani ya glasi jikoni. Beshir akatoka mbio chumbani na soksi mguu mmoja, akakimbilia uani, akarudi amesikitika. "Nilidhani pampu imepona," akasema. Siku ya pili Habuba akaruka ukuta na fagio mkononi. Alidhani kuna paka anazama. Sasa mtaa mzima unasema Dalenda anatibiwa kifua kwa dawa ya Kifaransa. Nimewaacha waamini.

Lakini nikwambie, kitu kimehama. Niliimba taratibu ulivyosema, huku ninachambua dengu, na Beshir akainua macho. "Wimbo huo umekuwa ukiuimba miaka mingapi?" Nikamwambia tangu kabla hajanioa. "Ndiyo kwanza leo nayasikia maneno," akasema. "Kumbe ni wa mapenzi?"

Kuhusu harisa, sehemu hiyo ya barua sikuweza kuisoma. Kulikuwa na doa.

Shida iliyobaki ni hii: nikitoka chini kwenda juu, pana mahali sauti inakatika, kama mtu anayepanda ngazi halafu kidato kimoja hakipo. Nifanyeje?

Na jambo jingine, si langu. Ni la rafiki yangu mmoja wa klabu, jina sitaji. Yeye arusini kwa wanawake anaimba na sinia kichwani, haogopi lolote. Lakini wakimsimamisha mbele ya wale wa kofia nyekundu, na kile kipaza sauti kikimkodolea jicho, magoti yanagongana na midomo inagandia meno. Maskini, nimsaidieje?

Hukunijibu unaimba lini.

Dalenda


Tunis, 11 Januari 1979

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kuchelewa. Kulikuwa na mitihani ya wanafunzi, kisha kulikuwa na mvua, kisha sijui kulikuwa na nini. Mama amepona. Baba amenunua redio mpya na hajui kuizima.

Kile kidato hakijapotea. Wewe unakipita umebeba mzigo. Chini tunaimba kwa sauti ya kifua, nzito. Juu kuna sauti ya kichwani, nyepesi. Wewe unataka kuibeba ile ya kifua mpaka juu, na hapo katikati inaanguka. Basi anzia juu. Toa "uu" nyembamba kama unamwita mtu usiyetaka ageuke, kisha teremka nayo polepole hadi chini bila kuongeza uzito. Fanya hivyo mara nyingi, mpaka usijue ni wapi moja iliishia na nyingine ikaanza. Ukipanda, punguza mzigo kabla hujafika pale. Ukingoja ufike ndipo upunguze, umechelewa.

Kuhusu rafiki yako. Mwambie magoti kugongana si dalili kwamba hajui kuimba. Mwili umeona kazi kubwa inakuja, umewasha moto kabla ya wakati. Asipigane nao. Aimbe kwanza mbele ya viumbe wasioweza kumhukumu, kisha mbele ya mtu mmoja, kisha watatu, kisha wageni. Wimbo aujue kiasi kwamba anaweza kuuimba huku anahesabu chenji. Akisimama, asiwatazame machoni, atazame vipaji vya nyuso, wao hawatajua. Na akikosea asikunje uso. Wanaosikia kosa ni wachache, wanaoona uso ni wote.

Nasema haya kwa sababu nina mwanafunzi mmoja. Alikuwa mzuri. Siku moja, ukumbi umejaa, sauti ilimkatika pale pa juu kabisa, na mtu wa mstari wa tatu akacheka. Tangu hapo hajasimama tena mbele ya watu. Siku hizi ana— (nimefuta neno, samahani) anasaidia wenzake tu. Wala si jambo kubwa. Nimelikumbuka tu.

Kamar


Testour, 5 Februari 1979

Mwanangu Kamar,

Maulidi inakaribia, nasaga mbegu za msonobari kwa ajili ya uji, na mikono sasa imekuwa myeusi badala ya myekundu. Beshir anasema nikichanganya miezi yote nitapata rangi ya bendera ya nchi fulani. Mwambie baba yako redio huzimwa kwa kile kitufe cha kushoto.

Nimeanza na kuku. Wakanisikiliza hadi mwisho wa ubeti, halafu mmoja akataga. Nikaenda kwa Beshir. Kisha nikaimba mbele ya mteja wake aliyekuja kuchukua pampu, akakaa mpaka chai ikaisha. Mwishowe Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya tanuri na ubao wa mkate begani. Wanawake wamenuna kwa baridi, nikaanza polepole kama najiimbia. Miguu ikatetemeka. Nikaiacha itetemeke. Nilipofika pale penye kidato nikapunguza mzigo, Kamar, nikapita! Wanawake wakaitikia. Mwenye tanuri akasimama na koleo lake la mti mkononi, ameduwaa, na mikate ya Habuba ikaungua yote. Habuba hasemi nami. Nyumba imetulia sana.

Sasa tuache michezo. Rafiki yangu ni mimi, na ulijua tangu mstari wa kwanza. Na mwanafunzi wako ni wewe. Niliishika barua yako dirishani penye jua nikasoma neno ulilolifuta: "anafundisha". Mama yako hajaniambia chochote, usimnunie bure. Nani aliyecheka? Nipe jina lake tu, nina jamaa wengi.

Unanifundisha mimi kusimama na wewe umekaa. Haipendezi, mwanangu.

Dalenda


Testour, 15 Aprili 1979

Mwanangu Kamar,

Michungwa imetoa maua na wewe hujatoa barua. Nimemwuliza mtu wa posta mpaka sasa akiniona anavuka barabara.

Kama nilikukosea, nimekosa, nisamehe. Lakini sifuti neno hata moja.

Habari ni hii. Shehe Lamine amenipa ubeti wa peke yangu katika tamasha la Julai, uwanjani mbele ya mkahawa. Nilidhani anatania. "Dalenda," akaniambia, "mbuzi amevuka mto." Nikamwuliza, basi nihamie mbele? "Hapana," akasema, "bado wewe ni wa kati. Lakini wa kati nao wana ubeti wao." Nikambusu begani, akaogopa.

Silali. Njoo, mwanangu. Hata ukikaa tu unitazame kipaji cha uso.

Dalenda


Tunis, 6 Mei 1979

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Sikukasirika. Yaani, nilikasirika, kisha nikaona aibu, kisha nikakasirikia aibu. Ndiyo maana nilinyamaza.

Yule aliyecheka simjui, na nikwambie kweli, hakuniumiza yeye. Kilichoniumiza ni kwamba nilitoka jukwaani katikati ya ubeti. Wapigaji hawakujua la kufanya, wakaendelea kupiga, na nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia nausikia wimbo wangu unapita bila mtu ndani yake. Mama hajui. Anadhani niliugua.

Nimefurahi kuhusu ubeti mpaka nikapiga kelele, mwenye nyumba wa chini akagonga dari. Lakini sitaweza kuja, Julai tuna kazi. Siku yenyewe usile chakula kizito. Kunywa maji ya vuguvugu. Nenda mapema, upande jukwaani pakiwa patupu, usimame pale utakaposimama mpaka miguu ipazoee. Pasha sauti kwa mrija, taratibu, usiimalize kabla watu hawajafika. Na usiogope kimya kabla ya kuanza. Kimya hicho ni chako, hakuna wa kukuharakisha.

Nitakuwa nakuwazia.

Kamar


Tunis, 18 Julai 1979

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na usinipige. Nilikuwepo.

Jumamosi niliamka nikajikuta nimevaa viatu. Nikapanda teksi ya abiria hadi Testour, nikasimama nyuma kabisa, nyuma ya muuza maji ya ndimu, nimejifunga kitambaa kama mtoro. Jua lilikuwa bado kali ukutani. Nilikuona umekaa kwenye benchi lako, umevaa joho la kijani, mikono imetulia mapajani. Shehe Lamine akakuita. Ukasimama. Ukakaa kimya, ukakichukua kimya chako chote, mpaka watoto wakaacha kutafuna mbegu. Kisha ukaanza.

Shangazi, sikujua una sauti hiyo. Nilidhani nakufundisha kupunguza kelele. Sikujua ni nini kilichokuwa kimefunikwa chini yake.

Halafu ukafika pale juu, na ikakatika.

Nilijua itakatika kabla haijakatika. Na mtu akacheka. Nikageuka nikitaka kukimbia, mimi, ambaye sikuwa hata jukwaani. Lakini aliyecheka alikuwa Ammi Beshir, mstari wa mbele, amejibana pua kwa wasiwasi na kicheko kimemtoka kama chafya. Ukainua mkono, wapigaji wakanyamaza. Ukamtazama. "Beshir," ukasema ndani ya kipaza sauti, mji mzima unasikia, "cheka vizuri umalize, maana nikianza tena sitakungoja."

Uwanja mzima ukaangua vicheko. Nawe ukasubiri. Ukamgeukia Shehe Lamine, ukasema bila haya yoyote, kama mtu anayeomba chumvi mezani, "Tushushe kidogo, Shehe, tuanze upya."

Na mkaanza upya.

Mwanamume mmoja kando yangu akauliza, "Huyu mama ni nani?" Habuba akageuka haraka kabla hujamaliza ubeti. "Ni jirani yangu," akamjibu. "Mimi ndiye niliyemfundisha."

Niliondoka bila kukusalimu. Ungenikumbatia ningelia mbele ya Testour yote, na Habuba angekuwa na habari za mwaka mzima. Nimelia kwenye teksi badala yake, dereva akanipa nusu ya mkate wake.

Tushushe kidogo, tuanze upya. Mimi nimesoma muziki miaka saba, na halijanipitia akilini hata siku moja kwamba mtu anaweza kusema hivyo, halafu akamaanisha.

Jumatatu nilikwenda kwa mkuu wetu wa chuo. Siku ya pili ya Idi kuna tamasha katika ua wa chuo. Nimemwomba nafasi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina. Akaandika jina langu.

Njoo, shangazi. Umlete na Ammi Beshir.

Kamar


Testour, 31 Agosti 1979

Mwanangu Kamar,

Tumefika salama. Basi lilikuwa na joto na Beshir alimwambia kila abiria kwamba mpwa wa mkewe ni mwimbaji, hata yule aliyekuwa amelala. Wasalimu kaka yangu na mama yako, na uwashukuru kwa keki za Idi. Habuba amezila. Nimemsamehe ile ya "mimi ndiye niliyemfundisha", lakini nimemwambia basi aje anifundishe na leo, nina dengu za kuchambua.

Kamar, uliimba umefumba macho toka mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo kuna mambo hukuyaona, na si haki wote tuwe nayo isipokuwa wewe. Nakuandikia.

Ulipotoka, baba yako alikuwa anamnong'oneza mtu wa pembeni, "Huyo ni wangu, huyo ni wangu." Ulipofungua mdomo akanyamaza. Mimi ni dada yake, nimemjua tangu anatambaa, na sijawahi kumwona akinyamaza katikati ya sentensi yake mwenyewe.

Mama yako alikunja kitambaa cha mkononi kikawa kidogo, kikawa kidogo zaidi, mpaka nikadhani atakimeza.

Kulikuwa na kijana wa mstari wa pili, mwenye sigara. Aliiwasha ulipoanza. Hakuivuta. Iliungua yenyewe mpaka ikamgusa kidole, akaitupa bila kuangalia imeangukia wapi. Ilimwangukia mtu wa mbele kwenye kola. Huyo naye hakugeuka.

Ulipokuwa unakaribia pale pa juu nilimshika Beshir mkono. Ameniambia baadaye kwamba pete yangu imemwacha na alama, na anawaonyesha watu hapa kama askari aliyetoka vitani. Hukupita pale kama ndege, sitakudanganya. Ulipita kama mtu aliyebeba sinia la glasi kwenye ubao mwembamba. Glasi ziligongana kidogo, nilisikia. Lakini ulifika upande wa pili, na hakuna iliyoanguka. Na ulipofika, mzee wa ganuni aliyekuwa nyuma yako, yule mwenye uso wa kudai kodi, akatabasamu peke yake akiangalia nyuzi zake.

Ulipomaliza palikuwa na kimya. Najua wewe kimya hicho kilikutisha. Hukuona kilivyokuwa. Watu walikuwa na mikono juu tayari, imefunguka, lakini hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuuvunja ule ukimya. Mikono mingi tu imesimama hewani, kama watu wanaongoja kudaka kitu. Kisha Beshir akapiga kelele, "Allah!" na ndipo ua mzima ukafuata.

Hayo yote yalikuwa mbele yako, mwanangu.

Safari nyingine fumbua macho.

Shangazi yako,
Dalenda